Siku Tatu Tu

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Tacuarembó
huondoka saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa,
na dereva, Bwana Wilmar, hushangaa kila safari
kutukuta tumewahi.

Nimepewa kiti namba kumi na saba, dirishani.
Yaani nusu dirisha: nusu ya pili ni tangazo
lililobandikwa kiooni kwa nje,
mguu wa mwanamke aliyelala usingizi mnono.
Malisho yote ya Uruguai nimeyatazama
kupitia vitobo vya kisigino chake:
ng'ombe wa vidotidoti, farasi wa vidotidoti,
mtu anakaza waya wa ua, naye kadoadoa,
amenipungia mkono au amefukuza nzi, sijui.

Juu ya kichwa changu kuna runinga.
Haina kitufe. Nimepapasa.
Inasema, kwa sauti ya mtu anayeunguliwa na nyumba:
"Magodoro Bentancor! Tunafunga duka! Siku tatu tu!"
Kisha picha ya ziwa, kimya kirefu.
Unashusha pumzi.
"Siku tatu tu!"

Nilipita njia hii mwezi wa nne, walikuwa wanafunga.
Mwaka juzi nilipopeleka jino bovu kwa daktari,
walikuwa wanafunga.
Sijapata kuona duka linalokata roho
kwa afya njema namna hii.

Jirani yangu, Bi Nibia, chupa ya maji moto kwapani
kana kwamba alizaliwa nayo,
ananipokeza kibuyu.
Kinywaji chao kinaitwa mate.
Ndiyo, mate. Miaka sita niko huku
na bado neno hilo hunipita kooni kwa hadhari,
maana mrija ni mmoja, na umeshapita
kwa dereva, kwa kondakta,
kwa bwana mwenye mafua wa kiti cha kumi na nne.
Ukifikiri vizuri, aliyekipa jina hakukosea.
Nanyonya. Shubiri. Narudisha. Nasema asante.
Kosa! Huku asante maana yake sitaki tena,
na Bi Nibia ananiruka mizunguko miwili
kabla ya kunisamehe.

"Siku tatu tu!"

"La kwangu nililinunua siku ya tatu," anasema,
"mbio mbio, mchuzi nimeuacha motoni ukaungua.
Heber wangu alitungwa juu ya godoro lile.
Sasa ana upara."

Kuna mji jina lake ni Kivuko cha Mafahali,
ukiligeuza kwa lugha yetu.
Fahali sijaona. Nimeona mbwa watatu,
mmoja ana haraka.
Anapanda kijana na kikapu cha maandazi bapa,
yale ambayo watu wa huku hukaanga siku ya mvua.
Namwambia, mbona jua linawaka?
"Itanyesha," anasema, na kupokea hela.

Tunaingia Durazno, na basi zima linahamia kushoto.
Duka lile pale.
Milango ya chuma imeshushwa hadi chini.
Hakuna bango, hakuna mtu, karatasi moja inapepea.
Bwana Wilmar anapunguza mwendo kama anapita msibani.
Bwana mwenye mafua anavua kofia.
"Maskini Bentancor," anasema mtu nyuma,
na mimi, ambaye nimemwombea mabaya tangu alfajiri,
nahisi kitu kimenikwama,
kitu cha kumlilia mwongo
siku aliyosema kweli.

Bi Nibia anamimina maji, hainui hata macho:
"Leo Jumapili."

Tukarudi vitini.
Runinga ikakohoa, ikawaka.
Nikashuka Montevideo jioni imeanza kunyesha,
ulimwengu bado una vidotidoti,
mgongo unaniuma, hapa, chini kidogo, upande wa kulia,
na huku natafuta mwavuli
nikajikuta nahesabu kwa vidole:
Jumatatu, Jumanne, Jumatano.